Dada Mmoja Niliyemwombea Jumuiyani

Nyasho, Musoma
Jumatano, 14 Mei

Kwako dada yangu mpendwa Boke,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote. Naamini barua hii inakukuta mzima, na mgongo wa shemeji Stanslaus umepoa, na watoto wanakwenda shule bila kupigana njiani. Huku mvua zimekatika tangu wiki iliyopita. Sijui huko Butiama kama mahindi yamewahi. Mimi ni mzima wa mwili. Ya kichwa utayaona mbele.

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Nikikupigia, shemeji anaweka spika, na maneno haya si ya spika. Nimempa Felisian, dereva wa gari la Butiama, na nimemwapisha akukabidhi wewe mwenyewe mkononi.

Najua shemeji yako Onesmo amekwisha kukupigia kuhusu kikao cha Jumamosi kwa mama yake kule Guta. Najua pia umesikia kwamba mwanangu Sara yuko kwa bibi yake siku ya tisa sasa, kwa sababu mama yake eti ameharibikiwa akili. Naomba nikueleze lilivyoanza, maana lilianza na kitabu.

Unapajua pale gesti ninapofanya usafi. Mwezi wa tatu mgeni mmoja wa Kizungu aliacha kitabu chini ya mto. Nilikitunza wiki mbili nikimsubiri, hakurudi, nikaanza kukisoma. Kiingereza changu ni kile cha kidato cha nne, kwa hiyo nilisoma na kamusi pembeni, kurasa nne kwa siku, tano nikibahatika. Ni hadithi ya kule Norwei, ambako jua linazama saa tisa alasiri na watu wanaona ni kawaida. Kuna mwanamke askari wa upelelezi, anaitwa Maren. Dada, huyo mwanamke ana matatizo! Hapati usingizi, anameza vidonge, anakunywa mvinyo peke yake, na kahawa kila ukurasa. Nimefika ukurasa wa themanini sijamwona akila chakula cha maana. Anatafuta mtoto aliyepotea kijijini kwao. Kidogo kidogo anagundua kuna siku moja haikumbuki kabisa, na siku hiyo ndiyo mtoto alipopotea, basi anaanza kujiogopa mwenyewe. Kilichonishinda zaidi ni kwamba anajifungia ndani siku nne na hakuna hata jirani mmoja anayekuja kugonga mlango. Nilikuwa nasoma huku nagombana naye kama vile yuko mbele yangu.

Sasa sikia ujinga wangu. Siku ya jumuiya nilikuwa nimeishia mahali pabaya, Maren amekuta kiatu cha mtoto kwenye buti la gari lake mwenyewe. Kichwa changu chote kilikuwa kwake. Ilipofika zamu ya kila mtu kutoa ombi lake, nikafungua mdomo nikasema namwombea dada mmoja, hapati usingizi, anameza vidonge, kuna siku haikumbuki, na anaogopa kwamba amemdhuru mtoto. Wakaitikia, Ee Bwana utusikie. Nilipofumbua macho, watu wote walikuwa wanaangalia mkeka.

Wewe unajua tunavyoomba huku. Hakuna anayesema mume wangu ananipiga. Anasema kuna mama mmoja jirani ananyanyaswa. Hakuna anayesema mwanangu amekuwa mlevi. Anasema tuwaombee vijana. Na sote tunajua ni nani, na tunaitikia. Mimi mwenyewe nimeomba hivyo mara nyingi tu, lakini siku ile nilisahau kabisa. Mzee Baltazar, mwenyekiti wetu, alinishika mkono kwa muda mrefu akaniambia Mungu anaonaga. Mary, yule jirani yangu wa zamani, alinikumbatia. Kesho yake mama mkwe akashuka kutoka Guta na kikapu chake.

Nilikimbilia kitabu nikawaonyesha. Mzee Baltazar aliitwa, akakigeuzageuza, akaniambia kwa upole kwamba ameongoza jumuiya miaka kumi na moja, na wengine wanasemaga ni rafiki yangu, wengine wanasemaga niliota, ila kusingizia kitabu ndiyo mara yake ya kwanza kusikia. Mama mkwe alitazama gamba la mbele, lina picha ya mwanamke uso wake umezama nusu majini, akasema si huyu hapa, huyu ndiye anamwingiaga. Akambeba Sara mgongoni, akasema ni ili nipumzike, na kwamba mtoto atakaa Guta mpaka aanze darasa la kwanza. Sara ana miaka miwili na nusu, dada. Onesmo hakupinga. Ameficha vidonge vyote vya nyumbani, hata vya minyoo, na kisu cha samaki sijui amekipeleka wapi. Juzi nimepara sato kwa kijiko. Nilicheka mwenyewe, halafu nikalia.

Kitabu nimekimaliza Jumatatu. Maren hakufanya. Aliyemchukua mtoto ni daktari wake, na ile siku asiyoikumbuka alikuwa amelala tu kwa dawa alizopewa. Nilitegemea nitafurahi kwa ajili yake. Badala yake nilikasirika, nikakitupa chini ya kitanda, na nimejiuliza siku mbili nimekasirikia nini.

Onesmo ameniambia umeahidi kunitetea kikaoni. Umemwambia kwamba mwaka juzi wakati wa masika, Sara akiwa mchanga, nilikuja kwako nikala, nikacheka, na kwamba hujaona mama mwenye akili timamu kama mimi. Dada, siku ile ndiyo yenyewe.

Sara alikuwa na miezi minne. Alilia tangu alfajiri, halafu akanyamaza akalala. Nilimlaza kitandani, nikashusha chandarua, nikatoka, nikafunga mlango kwa kufuli. Nilikuwa naenda kununua sabuni. Nilipofika barabarani gari la Butiama likasimama, nikapanda. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka kiti cha dirishani na kwamba kichwa kilikuwa kimya. Ulipoona gauni limelowa kifuani nikakwambia nimemwagikiwa maji, yalikuwa maziwa. Uliniuliza mtoto yuko wapi, nikasema yuko kwa Mary. Ukanipikia ugali na sato, nikala wote, nikaongeza, tukacheka habari za harusi ya Mugeta. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwamba njaa ilikuwa ya kweli na kicheko kilikuwa cha kweli. Mpaka mtoto wa jirani yako alipolia ndipo niliposimama na kuaga.

Nilikuta kufuli limevunjwa kwa jiwe. Mary alikuwa amekaa kizingitini, Sara amelala mgongoni kwake. Aliniambia mtoto alilia tangu saa nne mpaka saa sita. Hakuniuliza kitu, hajamwambia mtu, na kufuli jipya alinunua yeye. Haijatokea tena. Lakini siwezi kukuapia kwamba najua ni nini kilichonipandisha gari lile. Jana nilimuuliza muuguzi wa kliniki, nikamwambia ni mimi, sikusema ni rafiki yangu. Akasema wapo akina mama wengi waliojifungua wakapatwa na ya namna hiyo, na wanasaidiwa, akaniandikia siku ya kurudi. Sijui kama yangu ndiyo hiyo.

Nimechanganyikiwa, dada. Nakataa kwa nguvu zote, nasema yule niliyemwombea si mimi, na kweli si mimi, ni Maren. Nikitulia naona aliyemwacha mtoto ni mimi, Maren ndiye hana kosa. Nikisema, huenda Sara nisipewe tena. Nisiposema, wewe utasimama mbele ya wazee wa Guta unisafishe kwa siku ileile niliyomfungia mwanangu ndani.

Kwa hiyo nakuomba Jumamosi uje, ila usinitetee. Habari ya gauni na ya ugali nitaisema mimi mwenyewe, mbele ya Onesmo na mama yake. Mary amekubali kuja. Namtaka Sara, hata nikitandika vitanda vya wageni namlilia. Lakini nataka arudi kwa mama ambaye watu wake wanamjua, ili siku nikisimama tena barabarani kuwe na mtu wa kunishika mkono.

Nisalimie shemeji, mpe pole ya mgongo, na watoto waambie mama yao mdogo anawakumbuka. Kikao ni saa nne asubuhi. Ukifika, usianze kusalimia wazee. Pita nyuma ya nyumba, nitakuwa jikoni. Kama umenikasirikia, nigombeze hukohuko umalize, halafu tuingie pamoja.

Ni mimi mdogo wako,
Hilda