Gogo Waliloliita Salu

Jumanne, 10 Juni 2025
Sapiwi, kijijini kwetu. Nimefika nyumbani nikafukuzwa. Na nani? Mama yangu mzazi! Nikamsalimia kwa Kisukuma, Mwangaluka, Mayu, yaani mama. Akadondosha ndoo, akajifunika macho kwa khanga. Kaka yangu Masele akatoka na fimbo utadhani nimekuja kuiba ng'ombe.

Kumbe nilishazikwa. Meli yetu ilipozama huko Msumbiji, walipigiwa simu kwamba hakuna aliyepona. Maiti hawana, wakachukua gogo, wakaliviringisha kwenye ngozi ya ng'ombe wangu mweusi — wamemchinja! — wakaliita Salu, jina langu, wakalizika nyuma ya zizi. Mimi nimemeza dizeli na chumvi, nimening'inia kwenye pipa mpaka wavuvi wakaniokota. Halafu gogo ndilo linajengewa kaburi la saruji!

Nalala kwenye ghala la pamba.

Jumatano, 11 Juni
Baba mkubwa Bundala kaja kunieleza utaratibu huku anatafuna muwa. Aliyezikwa hapiti mlangoni. Lazima litobolewe tundu kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yangu, nitambae kama mtoto anayezaliwa, na mke wangu Nyamizi aniite jina nikiwa nusu ndani. Akiniita, nimekuwa hai. Asiponiita, mimi ni marehemu tu.

Na wa kutoboa ni yule aliyetupia udongo wa kwanza kaburini. Masele.

Nikasema mimi nimezunguka bandari za watu, sitambai kama kenge. Bundala akatema muwa. Basi, anasema, Jumamosi tunamaliza matanga na Nyamizi anarithiwa. Na nani? Masele. Shenzi kabisa!

Alhamisi, 12 Juni
Nimekubali kutambaa. Sasa Masele ndiye hataki! Asubuhi mpini wa jembe umelegea. Mchana anapeleka pamba kupimwa. Jioni mgongo. Namjua huyu. Namchukia hata anavyokohoa.

Nyamizi sijamwona. Yumo ndani, kichwa kimenyolewa, mwiko kuonana nami. Namsikia akitwanga. Kule majini nilikuwa namtaja yeye tu. Masele anadai Nyamizi analalamika kwamba tangu tuoane nimekuja nyumbani mara mbili. Sasa baharia ni mfugaji? Hayo maneno ni ya Masele, kamtungia.

Ijumaa, 13 Juni
Watu wanakuja kunichungulia. Mmoja kanifinya, kaona naumia, akatimua mbio. Washamba!

Nimemkaba Masele shati mbele ya Mayu. Unamtaka mke wangu, sema! Akanitazama. Akasema ana wake wawili na wanamtosha kumtesa, na kwamba anachelewesha kwa faida yangu. Faida yangu! Mnafiki. Nimemwambia kesho atoboe, la sivyo natoboa mwenyewe na mwiko wao uende zake.

Jumamosi, 14 Juni
Naandika nikiwa nimekaa chini, nyuma ya nyumba yangu.

Masele katoboa. Tofali zile za udongo hazikumsumbua. Nikalala kifudifudi, nikaingiza kichwa na bega. Giza, moshi. Nikaona miguu yake. Nikasema Nyamizi, nimerudi, niite.

Miguu ikasogea karibu.

Akachuchumaa. Kakonda! Akaniangalia kama mtu anayekagua ndama wa mnadani. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: yule wa nyuma ya zizi, angalau najua analala wapi.

Pembeni yake kulikuwa na karai la udongo uliokandwa. Nilidhani ni wa kuzibia nikishapita. Akachota, akaanza kuziba nami nikiwa bado kichwa ndani! Nimejivuta nyuma, masikio yote tope.

Sasa Mayu analia. Bundala anasema hajawahi kuona mjane akikataa kuita, hajui utaratibu unasemaje. Anawapigia wazee wa Lagangabilili na mtandao hakuna. Wageni wa matanga wote wako hapa. Hakuna hata mmoja anayemkemea yule mwanamke. Wananitazama mimi!

Mkono wake naendelea kuuona. Unapaka haraka haraka, bila kutetemeka. Tundu limebaki la kupita ngumi. Nimeita tena. Unapaka tu.

Masele kasimama hapa na jembe lake. Ananiuliza, polepole, kama anaongea na mgonjwa: nivunje tena?

Anasubiri.