Moto wa Désiré

Jumatatu, 7 Julai
Makaa mabichi tena. Nimepuliza tangu asubuhi, zimetoka sufuria nne tu. Hapa kijijini Kashojwa wote wanapikia sufuria zangu, lakini leo aliyesifiwa ni Désiré. Mkongomani niliyemfundisha mimi hata kushika koleo! Haji Twaha, mwenye duka la vyombo Mbarara, anajenga tanuri kubwa la kuyeyushia alumini. Hajaamua litawashwa kwa kitu gani. Umeme ameukataa, unakatika ovyo. Yamebaki makaa yangu na oili chafu ya Désiré, ile inayomwagwa gereji. Moto utakaoshinda, mwenyewe ndiye fundi mkuu. Nataka niwe mimi.

Jumatano, 9 Julai
Désiré amewasha kichomeo chake cha oili uani kwangu. Kinanguruma. Alumini ikayeyuka kabla sijamaliza chai. Majirani wakapiga makofi. Mke wangu naye! Nilimkazia macho mpaka akashusha mikono. Ni kijicho, ndiyo. Nani atanisoma?

Jumamosi, 12 Julai
Mbarara, majaribio mbele ya Haji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Désiré akafungulia oili yote, kujionyesha. Sufuria zikatoka na vitundu, ukitia maji zinavuja. Nikafurahi. Nikaona aibu. Nikafurahi tena.

Sababu naijua. Alumini ikiunguzwa kupita kiasi inameza hewa, ikipoa inaacha vitundu. Angepunguza oili kidogo tu. Moto wake ni mzuri kuliko wangu.

Haji akanivuta pembeni.

"Sema mukweli, ssebo. Hii oili ni mubaya?"

Nikasema mbaya, haifai sufuria kabisa. Amenipa tanuri.

Jumapili, 13 Julai
Misa. Sikupanga foleni ya komunyo. Mke wangu akauliza kulikoni, nikasingizia tumbo.

Alhamisi, 17 Julai
Désiré kaja na samaki wa ziwani. Nilidhani kaja kugombana. Kumbe Haji kamweleza nilichosema, naye kaja kushukuru.

"Kaka, ile oili iko na buchafu mingi, njo iliharibu kazi. Afazali wewe ulijua. Unipatie kazi, nitazungusha feni ya makaa."

Neno lilikuwa mdomoni: punguza moto. Maneno mawili tu. Nikamwambia aje Jumatatu. Samaki alikuwa mtamu, nikamla kwa hasira.

Jumatatu, 21 Julai
Siku ya kwanza ya tanuri. Linakawia kushika, makaa ni yaleyale. Désiré anazungusha feni huku akiimba. Vibarua wamehamia upande wake, wanacheka. Haji kaleta kiti, kakaa karibu naye. Mimi nimesimama ng'ambo na koleo langu, fundi mkuu.

Nimemnyima moto wake, na bado namwonea wivu.

Jioni akaniuliza kama nimechoka. Nikasema hapana. Akanibebea koleo mpaka stoo.