Gari Ulilotutumia Halina Kishindo

Barabara ya Kumi na Mbili,
Ngamiani,
Tanga.
12 Februari 1999

Mpendwa Mjomba Miraji,

Asalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na baridi ya huko Japani imeanza kukuonea huruma. Sisi hatujambo kwa uwezo wa Mola. Mama, dada yako, miguu inamsumbua ngazini lakini ulimi haujambo kabisa. Anauliza kama bado unakula samaki mbichi. Nimemwambia umeacha, kwa hiyo usiniangushe.

Gari tumelitoa bandarini salama. Kwa sura, nisikufiche, watu wamecheka. Pua fupi, mgongo juu, limesimama wima kama mtu aliyevaa kanzu ya kuazima. Buti ni dogo kwa sababu betri imekaa nyuma ya kiti, magunia mawili ya machungwa hayaingii. Gia iko karibu na usukani, na katikati pana kioo chenye mishale na maandishi ya Kijapani, ambayo Kaka Uweso hujifanya anayasoma.

Lakini wao wamelitazama tu, mimi nimeliendesha. Usukani ni mwepesi. Breki hushika ghafla mpaka mguu uizoee. Likiondoka linakwenda kwa umeme, husikii ila matairi. Mwendo ukizidi, injini ya petroli inaamka yenyewe, na ukisimama inazima. Mara ya kwanza ilipozima pale njia panda ya Muheza nilidhani gari limekufa, nikashuka kutafuta wa kusukuma. Wewe uliyesukuma Pijo yako kwenye foleni za petroli miaka ile ya dhiki, unajua moyo wangu ulivyokuwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana najua barua ya Uweso imenitangulia. Gari umetupa sote wawili, na ukasema tusipoelewana utaamua wewe. Uweso anataka kung'oa betri na mota ya umeme, atie injini ya pikapu ambayo fundi Kristofa ameshamwekea. Anasema gari limetuaibisha harusini. Nisikilize na mimi.

Ilikuwa harusi ya mfunguo mosi. Bwana harusi ni Sele, mtoto wa jirani yetu, anayefanya kazi Amani, kule milimani. Bibi harusi ni wa Muheza. Mimi ndiye niliyepanda mlima kumchukua bwana harusi, Uweso kando yangu. Katikati ya kona ikawaka taa ndogo yenye picha ya kobe, dalili kwamba betri imechoka, na gari likanyong'onyea. Uweso akatabasamu. Nililegeza mguu, nikalipumzisha penye tambarare, kobe akazimika, tukafika.

Kushuka ndiko kulikonitia raha. Mteremko unarudisha umeme kwenye betri, na gari linajizuia lenyewe taratibu. Pikapu ya matarumbeta iliyotufuata ilisimama njiani, breki zinafuka moshi. Sisi tukaingia Muheza betri imejaa, kimya, mpaka mlangoni kwa kina bibi harusi.

Nilipiga honi, wallahi. Lakini mlio wake ni mwembamba, wakadhani ni muuza lambalamba. Mtoto mmoja akatoka na sarafu mkononi. Mlango ulikuwa wazi, wanawake wote wako uani kwenye masufuria, na Sele, kwa kiherehere chake, akaingia moja kwa moja mpaka chumbani. Hakuna aliyemfungia mlango, hakuna aliyemdai pesa za kifungua mlango. Bibi harusi ana hina mkono mmoja.

Bi Mastura, somo wake anayemfunda, alisimama na kikombe cha hina. "Huyu kapita wapi? Bwana harusi gani huyu, kaingia kama paka aliyenusa samaki?" Sele akarudishwa hadi njia panda kuwasubiri wenye matarumbeta, mlango ukafungwa kama inavyostahili, naye akaja upya na kishindo chake. Nikaona haya, sikatai.

Ila Uweso hajakuandikia yaliyofuata. Tulipowarudisha maharusi Amani, wanaume, Sele akiwemo, walitangulia na pikapu, ila Uweso aling'ang'ania kiti cha mbele. Nyuma Bi Mastura akaanza kumnong'oneza bibi harusi mafunzo ya mwisho. Mjomba, unajua magari yetu: somo husema kwa raha zake na injini humsitiri. Katika gari hili, kila neno lilitufikia. Uweso alitazama dirishani, akakohoa, kisha akaomba nisimamishe. Alimalizia mlima juu ya gunia la mkaa katika lori la watu. Ndicho kisa cha kutaka injini yenye kelele.

Na Bi Mastura je? Jana alikuja mwenyewe nyumbani. Anasema tangu aanze kazi hiyo hajapata kuongea na mwari garini bila kupiga makelele, na yule wa Muheza alilia, akatulizwa, akafika wanja wake haujachafuka. Ana mwari mwingine Kigombe, na anataka gari hili hili, mimi niendeshe. Masharti yake ni kwamba mwanamume asikae mbele, na nisiwaingilie tena watu kimyakimya.

Nimemkubalia. Kwa miaka yote nimepanda magari ya watu nikiambiwa nikae nyuma nishike mtoto. Hili naliendesha, nalijua, na ninalipenda. Funguo ziko pindoni mwa kanga yangu, na Kristofa nimemwambia injini yake aitafutie mteja. Chonde mjomba, usimruhusu Uweso.

Mkaza mjomba Nazlin msalimie sana, na watoto uwabusu. Mama anakuombea dua kila sala, na Uweso anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia. Mola akulinde ugenini na akurudishe kwetu ungali na nguvu za kucheka.

Kelele anazozitaka Uweso zinapatikana bila kung'oa kitu. Nitumie honi, mjomba. Ya lori.

Ni mimi nikupendaye, mpwa wako na dereva wako,
Zuleha