Mifupa Katika Zizi la Octave

Kabambare, 14 Oktobre 1939

Kwako Yaya Émérance, dada yangu mukubwa,

Pokea salamu zangu, mimi mudogo wako Théophile. Nauliza kwanza habari ya mama: muguu wake umepungua kuvimba, ama bado anatembea kwa kujishika ukutani? Na mutoto uliyemuzaa huko Nyangwe ananyonya vizuri? Hapa mimi niko muzima wa mwili. Ninakuomba barua hii uisome mwenyewe. Masista walikufundisha kusoma, usimupe katekista akusomee.

Yaya, najua kifo cha bwana yako ulikisikia kwa midomo ya watu. Walikuambia Octave alitega nguruwe-pori katika pori lile Wazungu walilolifunga, akaleta ugonjwa kijijini. Acha nikueleze namna ilivyokuwa.

Mwezi wa sita jike lake kubwa la nguruwe, lile lenye watoto tisa, lilikataa kula. Masikio yakawa mekundu, damu ikatoka puani, likaanguka juu ya watoto wake na kuwaponda. Siku chache baadaye nguruwe walikuwa wanakufa katika kila zizi. Mimi nilifika pamoja na Bwana Munganga wa nyama, yule Muzungu anayetibu mifugo, maana ndiye ninayemugeuzia maneno. Alimupasua mumoja, akasema hii ni homa ya nguruwe-pori. Wao wanatembea nayo bila kuugua, lakini ikiwaingia nguruwe wa watu haina dawa.

Akaamuru wote wauawe, wagonjwa na wazima. Wanaume walichimba shimo wenyewe, na asikari walipiga kwa marungu, kwa kuwa risasi zilikatazwa kupotezwa. Jirani yako Cécilia, yule mujane, alikuwa na mumoja tu, muzima kabisa, wa arusi ya binti yake. Alimukumbatia shingo. Walimupiga nguruwe akiwa bado mikononi mwake. Chokaa ilipomwagwa, ndani ya shimo wengine walikuwa wanalia bado.

Halafu wakaona mifupa ya nguruwe-pori katika zizi la Octave. Bwana Mukubwa wa boma alikuja, akakaa kwenye kiti mbele ya watu wote, akamuuliza nyama ile ilitoka wapi. Octave alijibu kwa utulivu, nami nikageuza maneno kwa Kifaransa. Bwana Mukubwa hakuuliza mara ya pili. Walimulaza chini, fimbo nane, na miezi sita ya kifungo katika buloko ya Kasongo.

Nilimusindikiza mpaka kivuko cha Luama. Kamba ilikuwa shingoni, nzi walikuwa mugongoni, na hakuweza kuwafukuza kwa kuwa mikono ilifungwa. Kabla ya kupanda mutumbwi aliniambia:

“Shemeji, asante. Wewe ulisema vizuri, ni wao tu waliokataa. Umuandikie Émérance kwamba mimi sikutega.”

Juma la tatu alikufa kwa kuhara damu. Walimuzika bila padri. Kijijini wamebomoa nyumba yenu, wakachukua hata milango, na ndugu zake mwenyewe wanasema usirudi na watoto wa muharibifu.

Sasa nakuambia yale ambayo hata katika kitubio sikuyasema.

Nyama ile niliipeleka mimi. Bwana Munganga alipiga nguruwe-pori kwa bunduki, akachukua mapaja, akaniachia nyama iliyobaki, akanionya nisipeleke hata mufupa mahali wanapofuga. Mimi niliona ni maneno ya Muzungu anayetunyima nyama. Nikamupelekea Octave bega zima, sababu wewe hukuwepo na alikuwa anakula sombe tupu, majani ya muhogo bila kitoweo. Alifurahi sana. Mifupa na maji ya sufuria akawapa nguruwe wake, kama kila mutu anavyofanya.

Mbele ya Bwana Mukubwa alisema hivi: “Nyama nilipewa na shemeji yangu huyu aliyesimama hapa. Hakuna ubaya, muulize yeye.” Alinitazama, akatabasamu kidogo, akijua nitamutetea. Nami nikasema kwa Kifaransa: “Anasema alitega mwenyewe, na atatega tena.”

Bwana Munganga alikuwa amekaa pale pale. Alinitazama sana, halafu akaangalia viatu vyake. Mapaja alikuwa amekula yeye.

Ningepoteza kazi, Yaya, na mugongo ungekuwa wangu. Sina sababu nyingine. Niliogopa zile fimbo, na zilipoanza kumupiga nilizihesabu kwa sauti, maana hiyo pia ni kazi yangu.

Barua hii ina mukono wangu na jina langu. Ukitaka, uipeleke kwa padri ama kwa ndugu zake. Mimi kwenda kusema mwenyewe nimeshindwa. Nilifika mara mbili kwenye baraza la Bwana Mukubwa, na mara zote mbili nilimuuliza kama anahitaji maji.

Kesho tunakwenda Lusangi. Huko pia nguruwe wameanza kufa.

Umusalimie mama, umubebe mutoto kwa niaba yangu. Sikuombi unijibu.

Ni mimi, mudogo wako,
Théophile