Kasha la Samaki Lililoipoza Kompyuta Yako

Mama Wakesho,

Kwa heshima na taadhima, nakutangazia rasmi kwamba kasha la samaki la Bi Zuhura limestaafu kazi ya samaki na kuajiriwa kwenye kompyuta yako. Hafla ya makabidhiano ilifanyika kwenye veranda yetu, mgeni wa heshima akiwa paka wa jirani, ambaye alinusa kila pembe akaenda zake bila kutoa hotuba. Kwa hiyo sasa mumeo ndiye mwalimu pekee hapa Voi mwenye kompyuta inayonuka ng'onda.

Cheka. Lakini ukimaliza kucheka nisikilize, kwa sababu nusura niiunguze kazi yako ya mwisho.

Ni ile filamu ya Wakesho, uliyokuwa ukiikusanya tangu mtoto akiwa na pengo la meno ya mbele. Tulipokuzika ilikuwa tayari yote, isipokuwa haijapikwa. Ndivyo ulivyoiita ile kazi ya mashine kuunganisha vipande vyote, picha na sauti yako ukisimulia, viwe kitu kimoja cha kutazamwa. Ulisema utaipika ukitoka hospitali. Vijana wa mjini walijaribu kufungua vipande hivyo kwenye mashine zao wakapata picha tupu, zimevurugika, na sauti yako haimo. Vilikubali kwenye yako tu. Na harusi ya Wakesho ilikuwa Jumamosi. Ndiyo, ni yule yule kijana wa Taveta, uliyesema anakula ndizi kama mtu aliyeajiriwa kuzimaliza.

Sasa, mashine yako. Uliiunda mwenyewe kwa vipuri vya mitumba, ukaitilia maji ya kuipoza, nami nikawa nawaambia watu kwamba mke wangu ana kompyuta yenye rejeta kama lori. Tangu uondoke sikuifungua studio. Vumbi letu jekundu halihitaji mlango, lilijifungulia. Nilipoiwasha, feni moja ya rejeta haikuzunguka kabisa na ya pili ilikuwa inalia kama mbuzi aliyefungwa juani. Nilipiga brashi, nikapuliza, nikakohoa mpaka jioni. Feni ile ilikataa, na fundi akaniambia nyingine itatoka Mombasa wiki ijayo. Kila nilipoanza kupika, mashine ilifika robo, ikashikwa na joto, ikajizima yenyewe. Ikijizima, kazi inaanza upya. Ningengoja ubaridi wa usiku, lakini wiki hiyo walikuwa wanabadilisha nguzo barabarani, stima inakatwa magharibi na kurudi alfajiri. Ilibidi iwe mchana, na mchana wa Voi unaujua.

Hapo ndipo mumeo, ambaye hukuwahi kumruhusu abadilishe balbu bila usimamizi, akaamua kuunda friji.

Nilichukua lile bomba jembamba la shaba la friji yetu iliyokufa, fundi alilokuwa ameling'oa zamani akaliacha stoo. Nikalizungusha kwenye sufuria ya sima lijikunje kama nyoka aliyelala. Sufuria sasa ina kiuno, na dada yako Mghoi hajanisamehe. Bomba nikaliweka ndani ya kasha la Bi Zuhura, ncha zake nikaziunga na mipira ya maji ya mashine yako kwa vibano vya mtungi wa gesi, kisha nikajaza kasha maji na barafu. Maji yanatoka kwenye mashine yakiwa moto, yanazunguka ndani ya barafu, yanarudi yakiwa yamepoa. Bi Zuhura mwenyewe ndiye aliyenipa barafu, ile anayowekea samaki. Alisimama pale mlangoni na buibui lake akaniambia, "Mwalimu, kasha nakupa kwa ajili ya marehemu. Lakini harufu yake hiyo haitoki, usije ukasema sikukwambia."

Ijumaa asubuhi nikabonyeza. Uani kumejaa wanawake wa kwenu, wameteremka kutoka Mghange na masufuria yao, wanapeta mchele na kulalamikia joto letu kana kwamba mimi ndiye niliyeliwasha. Mghoi alichungulia, akaona mume wa marehemu dadake amekumbatia kasha la samaki, akauliza kama nimeoa tena.

Mama Wakesho, ilifanya kazi. Ile namba ya joto uliyonifundisha kuitazama ilishuka kama mtu anayeteremka ngazi. Mstari wa kijani ukapita robo, mahali ulipokuwa ukifia kila siku. Nikavimba kichwa. Nikasema, ikiwa barafu kidogo imeleta haya, barafu nyingi italeta nini? Nikaongeza. Namba ikashuka zaidi. Nikaongeza tena, nikaita watu waje kuona. Mstari ukapita nusu.

Ndipo nikaona mpira unang'aa.

Nilidhani unavuja. Nikapapasa maungio, yote makavu. Nikatazama tena: mpira wote ulikuwa na vishanga vya maji kwa nje, kuanzia kwenye kasha mpaka ndani ya mashine. Na pale unapopita juu ya ule ubao wa vipuri, tone moja lilikuwa limeshajikusanya, limenenepa, linaning'inia.

Unakumbuka soda zangu? Kila nikikuletea soda baridi studio ulikuwa unaninyooshea kidole kabla sijafika mezani. "Inatoka jasho, Mwalimu. Toa." Miaka yote ile nilidhani ni maringo ya fundi. Na mimi nilikuwa nimeivisha mashine yako soda baridi mwili mzima.

Sikuwa na kitambaa. Kwenye kiti chako kulikuwa na leso yako, ile ya maua ya zambarau, uliyoiacha pale siku ya kwenda hospitali. Sikuwa nimeigusa. Wiki hiyo yote nilikuwa nafagia kuizunguka. Niliinyakua nikalishika lile tone hewani, nikidhani nitajipiga shoti na kukufuata na leso yako mkononi.

Nikabaki nimeinama hivyo, siwezi kuondoka. Nikiiacha barafu, jasho litateremka liuue ubao, na sauti yako humo humo. Nikiitoa, joto litapanda na mashine itajizima, na stima inakatwa jioni, na kesho ni harusi. Nikaita. Sijui niliitaje, lakini Wakesho alikuja mbio na rola kichwani, na Mghoi nyuma yake na ungo wa mchele mkononi.

Nikawaeleza kwa maneno machache, nikatarajia matusi. Wakesho aliichukua leso yako, akaipasua katikati, nausikia ule mlio mpaka leo, akaanza kuufunga mpira kama mtu anayefunga kidonda. Mimi nikachota barafu kwa mikono nikaitupa uani, nikajazia maji ya mtungi. Namba ikaanza kupanda.

Mghoi aliitazama ile feni iliyokufa. "Kwa hiyo kinachotakikana ni upepo?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akamwaga mchele kwenye meza yako, akakunja mikono ya nguo, akaanza kuipepea rejeta kwa ungo.

Namba ilipanda, ikasita. Ikapanda tena kidogo. Ikakaa mahali ambapo nilijua ikivuka tu, basi. Mghoi alipochoka akapokea mwingine, akaja mwingine, wamepanga foleni mlangoni na nyungo zao kama wanaopeta mavuno. Walianza kuimba ule wimbo wenu wa Kidawida wa kupetea ili mapigo yaende pamoja, maana mmoja akichelewa namba ilikuwa inaruka. Wakesho alikuwa amepiga magoti, mikono miwili kwenye ile leso, anaibonyeza ikilowa. Uani, wali uliungua. Hakuna aliyeinuka.

Mstari ulifika mwisho jua likiwa bado juu. Vigelegele vilivyopigwa, nadhani ulivisikia.

Jumamosi, ukumbini, taa zikazimwa, na sauti yako ikatoka. Watu wa Taveta waliokuwa wanatafuna waliacha. Ukasema, "Huyo anayetikisa kamera ni baba yako. Tumsamehe, tumeshamzoea." Ukumbi mzima ukacheka, mimi mwenyewe nikacheka mpaka jirani yangu akanipa kitambaa. Baadaye baba wa bwana harusi alinishika mkono akasema amesikia kwamba nimeunda friji ya kompyuta kwa kasha la samaki, kwamba walimu ni watu wa akili sana. Nikasema ni jambo dogo tu. Mghoi alikuwa nyuma yangu, akakohoa.

Sasa nikuambie lililotokea kweli, maana wewe sikuwahi kukudanganya kwa zaidi ya siku mbili.

Friji yangu ilikufikisha nusu, na hapo hapo nusura ikuue mara ya pili. Kilichokufikisha ni nyungo za dada zako na leso yako. Hilo umeshalijua.

Ila mstari ulipokaribia mwisho, wote wakiwa wameinama kwenye kioo, mimi nilitoka. Nilisema naenda kuchota maji. Nilisimama kwenye tangi, ndoo tupu mkononi, bomba sikulifungua. Nilikuwa naomba mstari usifike. Kwa muda wote ule mashine ilikuwa inapika kazi yako, wewe ulikuwa bado uko kazini, studio, mlango umefungwa, usisumbuliwe. Niliposikia vigelegele nilijua umemaliza.

Kisha niliingia nikapiga vigelegele nao, vibaya, kama unavyojua.

Wageni wameondoka. Wakesho ameenda Taveta na nusu ya leso, nusu nyingine iko kwangu. Kasha limestaafu na kazi ya kompyuta pia, nimeliosha kwa ndimu nikamrudishia Bi Zuhura. Feni imefika kutoka Mombasa, nimeifunga, na ile ya pili nimeitia mafuta, sasa halii mbuzi tena. Lakini mashine sijaizima mwenyewe tangu Ijumaa ile; stima ilipoikata jioni, alfajiri niliiwasha tena. Haifanyi chochote, inanguruma tu, nami nimekaa kando yake nakuandikia.

Rejeta nitaipiga brashi kila mwezi, hilo nakuahidi, na soda nitazinywea veranda. Kidole changu kiko kwenye kile kitufe cha kuzimia ulichokuwa ukinipigia kelele nisikiguse.

Pumzika, mke wangu. Naizima.

Mwalimu wako