Moshi wa Jiko la Nyasi

Mujukuu wangu Furaha,

Huku mujini Baraka tuko wazima. Baba yako, mutoto wangu wa sifa, amevuna mihogo kupita majirani wote.

Unauliza sababu gani ninawasha moto katika jiko la nyasi, kile kibanda cha kupikia, hata kama hakuna cha kupika. Nilipoolewa, hakuna bibi aliyenishinda usafi. Masizi yalinichukiza, nikahamisha mafiga inje.

Kisha miezi mingi, asubuhi moja nilimuinua baba yako kwenye mukeka mule jikoni nimunyonyeshe. Paa lote likaanguka pale alipolala!

Mama mukwe akavunja muti wa paa kwa vidole, ukatoka unga.

«Wadudu, mwanangu. Ule moshi uliouita uchafu njo ulikuwa unabafukuza.»

Tukajenga jiko lingine, nikarudisha mafiga ndani.

Ni mimi, koko wako.