Shemeji Anataka Kung'oa Baraza ya Marehemu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla shemeji yangu hajafika na simenti. Mimi ni Salama wa Nyamugari, Gitega, mjane wa Athumani, fundi seremala, ambaye mwaka mmoja kabla ya kufariki alitujengea baraza ya mbao za libuyu, zile ngumu zinazotoka Kongo, na nakumbuka alivyokuwa akiweka msumari mnene kati ya ubao na ubao ili nafasi zote zilingane, kisha anautoa na kuubana kwa meno, na watu walisimama njiani kuitazama kazi yake, nami nikijifanya siwaoni lakini moyo umejaa. Tatizo ni kwamba nikichambua maharagi pale mengine yalikuwa yakidondoka chini kupitia nafasi hizo, na jirani yangu Zaituni akanitania, "Mke wa fundi, leo panya wako wamekula?" Nilimwomba mume wangu azibe, akacheka tu, "Mama Raissa, mbao nazo zinanenepa." Alipofariki nikachukua unga wa mbao uliobaki karakanani kwake, nikauchanganya na gundi, nikaziba nafasi zote, nikaona nimemmalizia kazi. Mvua zilipokuja mbao zikavimba, zikainuka, mmoja ukapasuka, na zote zimegeuka rangi ya majivu. Mdogo wake Twaha, mwashi wa Muyinga, alipoiona akasema, "Shemeji, kaka alikuwa fundi wa vitanda. Baraza ilimshinda." Kiangazi kikianza anakuja kuing'oa na kumwaga simenti, kabla ya hitima ya mwaka. Sijamwambia mtu kwamba niliziba mimi. Nifanye nini?

Salama, pole sana kwa msiba. Ila umemwacha marehemu asemwe kwa kosa la mikono yako, na yeye hawezi kujibu. Hilo ndilo baya. Gundi ni jambo dogo.

Ubao mgumu nao hunywa maji na kutanuka. Mumeo aliiacha ile nafasi makusudi, tena kwa kipimo. Mpigie Twaha leo, si kesho, umweleze ulichofanya, halafu mwambie aache simenti Muyinga, aje na patasi. Kwangueni ule unga wote mpaka hewa ipite. Chomeni kila ubao kwa ncha ya bisibisi: isipozama, ubao ni mzima, na hiyo rangi ya majivu ni ya jua tu. Zilizoinuka zikikauka, kazeni skrubu upya. Badala ya uliopasuka tafuta ubao wa libuyu mzito, mkavu, wa moyo wa mti, usio na weupe pembeni, na uutoboe kwanza kabla ya kutia skrubu.

Kisha sugua kwa ufagio na sabuni, acha ikauke kabisa, paka mafuta ya mbao kwa kitambaa na ufute yanayobaki juu. Vitambaa hivyo vitandaze nje, ukivirundika vinaweza kushika moto. Rudia kila kiangazi. Vernisi achana nayo, jua litaibandua. Na maharagi, mama, tandika mkeka.

Siku ya hitima waketishe wageni juu ya baraza hiyo. Atakayeuliza nani aliijenga, usimwachie Twaha ajibu. Jibu wewe, kwa sauti, kwa jina lake kamili.